Mstari Uliopita Jikoni kwa Mama Mwanaidi

Mama Mwanaidi alizikwa Makambako kabla habari hazijanifikia, maana kwao Waislamu maiti hachelewi kusitiriwa, nami nikafika kesho yake nikiwa na kanga mabegani na maneno machache ya pole. Mwanaidi, binti yake, alinipokea mlangoni. Tulilia kidogo, kisha akanipitisha sebuleni palipojaa kina mama na kunipeleka jikoni moja kwa moja, kwa kuwa alijua mimi si mgeni wa sebuleni. Jiko lile halijabadilika sana. Mafiga makubwa ya kupikia supu ya madereva yapo, dirisha dogo la kutolea moshi lipo, na kigoda nilichokuwa nakalia nikiwa msichana kimepata mguu mpya. Nilikaa, na kabla hata sijapokea kikombe cha chai niligeuka nikatazama ukuta wa nyuma. Mwanaidi akacheka katikati ya machozi. "Anti Tumaini, na wewe bado? Mama naye alikuwa hivyo hivyo. Akiingia humu, ukuta kwanza, sufuria baadaye."

Vijana ninaofanya nao kazi siku hizi huniuliza kwa nini mtu aliyekaa Iringa akifungua kompyuta iliyoko Dar es Salaam picha humjia kwa kusuasua, nami huwa nawajibu kwa kuanza na jiko hili. Hudhani nawatania. Siwalaumu, maana leo wanafundishwa jambo hilo kwa majina marefu na michoro ya mishale, wakati mimi nililijifunza kwa kunyimwa sinia. Kwa hiyo nitaeleza taratibu, kama nilivyoelezwa mimi, na asiyewahi kugusa kompyuta asiogope, atafika nasi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, watu binafsi walipoanza kufungua ofisi za kazi ambazo zamani tulidhani ni za serikali peke yake. Ofisi yetu ilikuwa ya upimaji wa viwanja. Makao yake yalikuwa Njombe, na tawi lilikuwa Makambako, chumba kimoja mtaa wa Lyamkena nyuma ya duka la vipuri vya malori, na mimi ndiye niliyekuwa tawi zima. Makambako ilikuwa inapanuka kwa kasi iliyotisha wenyeji. Mashamba ya mahindi yalikuwa yanageuka viwanja, wafanyabiashara walikuwa wanatoka kila mkoa, na kila aliyenunua alitaka kuona ardhi yake imechorwa. Kompyuta kubwa yenye michoro ilikuwa Njombe, mbele ya kijana mmoja aliyeitwa Kilasi ambaye sikuwahi kumwona. Mimi nilipewa kompyuta kuukuu isiyo na nguvu ya kuchora hata uzio wa kuku. Kazi yake ilikuwa kunionyesha, kwa njia ya laini ya simu, kile kilichokuwa kwenye skrini ya Kilasi. Fikiria mtu anayechungulia chumba cha jirani kupitia tundu la ukuta. Nikisogeza kipanya huku, kishale kilisogea kule, kisha picha ya kile kilichotokea ikarudi kwangu ikiwa imekatwa vipande vipande kama vigae, kigae kimoja baada ya kingine, hadi skrini ijae.

Ilikuwa polepole. Mkurugenzi wetu, mtu mwema aliyependa sifa, alikuwa ameweka picha ya maua ya hifadhi ya Kitulo nyuma ya kila kitu kwenye skrini, mekundu, ya zambarau na ya manjano. Kila niliposogeza ramani kidogo, maua yote yaliyokuwa nyuma yake yalilazimika kusafiri upya kutoka Njombe. Nilimwomba ayaondoe akakataa. "Wateja wajue hii ni ofisi ya kisasa," alisema. Basi wateja walikaa kwenye benchi wakitazama ua likishuka petali kwa petali, na katikati ya maua hayo mpaka wa mtu ukitokea nusu, ukisimama, ukiendelea. Jambo lingine lilikuwa kwamba laini ya simu ilikuwa moja. Ikibeba picha, haikubeba sauti. Mimi na Kilasi tulizungumza kwa kuandikiana kwenye kona ya mchoro wenyewe, na kila asubuhi kishale kilianza kutembea peke yake, mikono yangu ikiwa kwenye kikombe cha chai, kikaandika salamu ya Kibena: "Kamwene, dada." Mteja mmoja, dereva wa lori, alinyanyuka kwenye benchi alipoona hivyo. "Huyo anayeandika ni nani?" Nikamwambia ni mwenzangu wa Njombe. Akatazama mlango, akatazama skrini. "Wewe nakuona, sina neno na wewe. Huyo nisiyemwona ndiye anayenitia wasiwasi."

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Mwanaidi. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mjane, aliyekuja Makambako na mumewe kuuza chai kwa abiria akabaki kuuza supu na chapati kwa madereva. Nyumba ilikuwa mbele, jiko nyuma, na jiko ndilo lililolisha nyumba. Sisi watatu, yeye, Mwanaidi aliyekuwa bado shuleni, na mimi, tulikula jioni kwenye sinia moja, mkono kwa mkono. Mara ya kwanza nilisita, msichana wa Kilutheri kutoka Matembwe nisiyejua kama nakaribishwa kweli au kwa adabu tu. Mama Mwanaidi akasukuma kipande cha nyama upande wangu. "Kula. Hapa hatuulizi mtu anasali wapi, tunauliza kama amenawa."

Kiwanja chake alikuwa amekinunua kwa Mzee Mlowe, mkulima wa hapo hapo, ambaye shamba lililobaki lilipakana na ukuta wa nyuma wa jiko. Mzee Mlowe alikuwa mtu wa maneno machache na kofia ya sufu isiyovuliwa hata jua likiwaka. Wawili hao waliishi kwa kupeana chumvi na moto kwa miaka, hadi upimaji ulipoanza. Upimaji una tabia hiyo. Watu ambao hawakuwahi kuuliza mpaka uko wapi ghafla hawalali kwa kuuliza. Mzee Mlowe alianza kupita nyuma ya jiko kila asubuhi akihesabu hatua. Mama Mwanaidi alianza kumwaga maji ya vyombo upande ule ule, saa ile ile. Siku moja mzee alinikuta uani nikifua, akanisalimu kwa Kibena, nikaitikia kwa Kibena, tukazungumza kidogo habari za mvua na za watu wa Matembwe aliowafahamu. Niligeuka nikamwona Mama Mwanaidi amesimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mlikuwa mnasemaje?" Nikamwambia, mvua. "Mvua," alirudia, kama mtu anayeonja mchuzi na kugundua kuna kitu kimekosekana.

Siku ya kuonyeshwa kiwanja, wote wawili walikuja ofisini. Mama Mwanaidi alivaa baibui jipya, Mzee Mlowe akaja na kofia yake, wakakaa kwenye benchi wakiacha nafasi ya mtu wa tatu katikati. Nikaifungua ramani. Maua yakaanza kushuka. Kisha barabara, kisha nyumba, kisha mpaka wa nyuma ukatokea, na nikaona wenyewe wamekaza macho. Mstari ulianzia juu vizuri, ukashuka nyuma ya ukuta wa jiko, halafu katikati ukavunjika. Ukaruka ndani, ukapita katikati ya jiko, ukaendelea hadi chini.

"Hapo," Mama Mwanaidi alisema, akiweka kidole kwenye kioo, "ndipo linapokaa sufuria langu la supu."

Mzee Mlowe aliisogelea skrini. Aliinamisha kichwa, na yeye akaweka kidole chake, lakini kwenye nusu ya juu. "Na hapa pamesogezwa kwangu. Mwezi uliopita nilipokuja huu mstari haukuwa hapa."

"Umesogezwa kwako? Mzee Mlowe, jiko langu limekatwa mapande mawili, wewe ndiye unayelia?"

"Nauliza tu. Mpangaji wako ndiye anayekaa na mashine."

"Mpangaji wangu? Huyu ambaye mnaongea naye kilugha chenu uani mkidhani sisikii?"

Niliwaona wakigeuka, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kugombana walikuwa wanatazama upande mmoja. Walikuwa wananitazama mimi.

Skrini moja, na kila mmoja wao ameona humo wizi aliofanyiwa yeye. Nimeufikiria sana mwaka ule, na bado sidhani kama kuna siku nyingine niliyoelewa vizuri zaidi jinsi shaka inavyofanya kazi. Haihitaji uongo. Inahitaji picha isiyokamilika tu, na mtu aliyekuja akiwa tayari anajua atakachokiona.

Walipoondoka nilimwandikia Kilasi: "Nani amegusa mpaka wa kiwanja cha jiko?" Nilisubiri. Kishale kikatembea. "Mimi. Wiki hii. Kwa nini?" Naomba msomaji aelewe nilivyojisikia. Sikumjua mtu huyu. Nilijua tu kwamba ana mkono usioonekana unaoingia ofisini kwangu kila asubuhi, na sasa mkono huo umekiri. Nilikata laini bila kumjibu. Jioni nilipofika nyumbani, sinia halikuwa kwenye mkeka. Chakula changu kilikuwa chumbani, kwenye sahani, kimefunikwa vizuri na kawa, na kijiko pembeni kama cha mgeni. Ugali ulikuwa wa moto, mboga nzuri kuliko siku zote. Nilisikia upande wa pili wa ukuta Mwanaidi akiuliza, "Mama, anti haji?" na mama yake akijibu, "Anti ana kazi nyingi. Kula." Sahani ile ilikuja kila jioni. Hakunifukuza, hakunitukana. Alinilisha kama mteja, nami ningependa zaidi anipige.

Mwishoni mwa wiki nilipanda basi kwenda Njombe bila kumwambia mtu. Nilitaka kumkuta Kilasi hajajiandaa. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, ile baridi ya Njombe inayokufanya uzungumze na meno, na ofisini nilimkuta kijana mwembamba amevaa makoti mawili, jiko la mkaa chini ya meza, anamenya viazi vya kuchemsha kwa kisu cha karatasi. Alipojua mimi ni nani alisimama haraka hadi kiazi kikaanguka. "Dada Tumaini! Nilidhani wewe ni mama mtu mzima!" Sikucheka. Nilimwambia anionyeshe mpaka wa jiko. Akafungua. Picha ilitokea papo hapo, kwa kuwa pale haikuwa na safari, na mstari ulikuwa mmoja, umenyooka, nyuma ya ukuta wa jiko kutoka juu hadi chini. Hakuna ulipovunjika.

"Kwangu umevunjika," nilimwambia.

"Umevunjika vipi?"

Nikamchorea. Akatazama muda mrefu, akala kiazi kizima akitazama. Kisha akaniambia, kwa upole ambao nimejaribu kuuiga maisha yangu yote, "Basi unachoona ni wiki iliyopita na wiki hii zimeshonwa pamoja." Mchoro wa kwanza ulikuwa rasimu iliyochorwa ofisini, mstari ukapita jikoni kwa kukisia. Wapima walipokwenda uwanjani waliukuta mpaka halisi nyuma ya ukuta, naye Kilasi akausahihisha mstari. Sasa, ili kupunguza mzigo wa laini, kompyuta yangu ilikuwa inatunza vigae vya zamani, na ya Njombe ilikuwa inatuma vile tu vilivyobadilika. Ni akili nzuri, maana nani anataka kubeba tena kitu ambacho mwenzake anacho? Lakini laini yetu ilikuwa inakatika. Kigae cha juu kilifika, cha chini kikapotelea njiani, na mashine yangu, isiyojua aibu, ikaendelea kuonyesha kile cha zamani kama ni cha leo. "Ukikutana nacho," alisema, "vuta kwa kipanya dirisha lolote la skrini ulipitishe juu yake kisha uliondoe. Itailazimisha ichore upya." Nilipojaribu Makambako, ikawa kweli. Nilivuta dirisha nikalipitisha, na mstari ukanyooka mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimepata dawa nisiyoweza kuitumia. Ningewaita wazee wawili wenye hasira, nikapitisha dirisha juu ya mchoro, na mpaka wao ukahama? Mzee Mlowe angekuwa na haki ya kuniita mchawi, na Mama Mwanaidi angekuwa na haki ya kuniita jambo baya zaidi.

Mimi na Kilasi tulishauriana kwa simu ya sauti, mara yetu ya kwanza, na nikamwambia jambo nililolijua tangu utotoni. Kwetu mpaka hauonyeshwi, unatembewa. Muuzaji na mnunuzi huanza kwenye alama wanayoijua wote, wakaenda pamoja, na kila kona mmoja anataja na mwingine anakubali. "Basi tuuchore hivyo," Kilasi akasema. Tulikubaliana kuondoa kila kilichokuwa kinasafiri bure. Maua ya Kitulo yaliondoka, na Mkurugenzi aliambiwa ni kwa siku moja tu, ingawa hayakurudi. Rangi zikaondoka, tukabaki na nyeusi na nyeupe. Nyumba zilizopakwa rangi ndani zikawa mistari mitupu. Nikaizuia mashine yangu isitunze kigae chochote cha zamani. Tungeanza na karatasi tupu, na Kilasi angechora mstari mmoja kila tutakapomwambia.

Walikuja tena, wakakaa na nafasi ile ile katikati. Nikawaambia waanze popote wanapopajua. Kila mmoja alimsubiri mwenzake ajikwae. Hatimaye Mama Mwanaidi akasema, "Bikoni ya barabarani," ile nguzo fupi ya zege ambayo hakuna aliyeigombania. Nikaandika. Mara nukta ikatokea, na kutoka kwenye nukta mstari ukaenda.

Mzee Mlowe akarudi nyuma kwenye benchi. "Mbona leo haraka hivi? Siku ile tulisubiri mpaka nikasinzia. Leo kimekuja kimeiva. Mmekipikia wapi?"

Nikamweleza kwamba siku ile laini ilikuwa imebeba maua, rangi na nyumba za watu, na leo imebeba mstari tu. Mama Mwanaidi, bila kumtazama, akasema, "Mpagazi ametua magunia, Mzee Mlowe. Lazima akimbie." Lakini naye hakuwa ameamini. Tulipofika kona ya pili alinigeukia kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mwambie apitishe nyuma ya choo cha Mzee Mlowe." Nilimtazama. Choo kile kilikuwa shambani kwa mzee, hata yeye alijua. "Mwandikie ni mimi nimesema," akasema. Nikaandika. Kishale kikasimama. Kisha kikaandika kwa herufi kubwa: "HAPANA MAMA. CHOO NI CHA MZEE."

Mzee Mlowe akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi. "Anaitwa nani kijana huyo?"

"Kilasi."

"Nilidhani ni ndugu yako wewe Tumaini. Kumbe si ndugu wa mtu."

Ikabaki kona moja, ya nyuma ya jiko. Hapo Mama Mwanaidi alifumba mdomo, akakunja mikono ndani ya baibui. Hakutaka kulitaja jiko lake mwenyewe, alitaka Mzee Mlowe ndiye alitaje. Mzee Mlowe alivua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya siku ile. "Nyuma ya ukuta," alisema. "Tulitembea mimi na marehemu mume wake, nikapanda mlanzi pale kuwa alama. Mlanzi ulikauka lakini mahali hapajakauka." Akaigeuza kofia mikononi. "Ile ramani ya kwanza ilinizidishia. Niliona. Nikasema moyoni, kama mashine imenipa, mimi ni nani hata niikatalie?" Nikaandika maneno matano tu: nyuma ya ukuta wa jiko. Mstari ukatokea mzima, ukafunga kiwanja.

Hatukuishia hapo, maana hakuna kati yao aliyekuwa tayari kumwamini mtu au mashine kwa neno tu. Tulitoka, tukatembea mpaka wote kwa miguu, na wiki iliyofuata wapima wakaweka bikoni nyuma ya ukuta wa jiko wawili hao wakiwa wamesimama juu yake. Jioni ile sahani yenye kawa haikuja chumbani. Nilisubiri, njaa ikiniuma, hadi niliposikia Mwanaidi akigonga. "Mama anauliza, unangoja kualikwa?" Sinia lilikuwa mkekani. Mama Mwanaidi alisogea kunipa nafasi, hakuomba radhi, nami sikuitaka. Aliniuliza tu kama nimenawa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayakumbuka kwenye kigoda siku ile ya msiba. Nilitoka uani kupunga hewa, na nyuma ya jiko nikamkuta mzee sana ameegemea fimbo, kofia ya sufu kichwani, ameinama na kitambaa mkononi. "Kamwene, Mzee Mlowe," nikasema, akanitambua kwa sauti. Alikuwa anafuta masizi kwenye bikoni. Ilikuwa safi, nyeupe, kama ya jana. Nikamuuliza tangu lini anaifuta.

"Tangu walipoiweka. Nilikuwa nakuja asubuhi kuangalia kama hajaisogeza. Naye alikuwa anatoka kuangalia kama sijaisogeza mimi. Tukawa tunakutana hapa kila siku, yeye na kikombe chake, mimi na changu." Akakikunja kitambaa, akakigeuzia upande usio na masizi. "Yeye alifuta upande wake, mimi wangu. Sasa nafuta zote mbili."